Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu

Katika visiwa vyetu, mtu akikohoa kwa muda mrefu majirani huanza kunong'ona, na mgonjwa mwenyewe huanza kujitenga. Kifua kikuu kingalipo, na ni wajibu kila mwenye kikohozi kisichokwisha apimwe makohozi. Lakini wapo wachache wanaopimwa tena na tena pasionekane kijidudu, wakapewa dawa za miezi sita, wakazimaliza, na kikohozi kikabaki palepale.

Miongoni mwao huenda wakawemo waliozaliwa na maradhi yao. Katika njia ya hewa ya binadamu, tangu puani hadi mapafuni, mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga kama makasia na kusukuma nje makohozi, vumbi na vijidudu. Wako watu ambao vijinywele vyao havipigi sawasawa. Makohozi hutuama kama maji ya dimbwi, na mirija ya mapafu hutanuka na kuharibika.

Mwaka 1933, Daktari Manes Kartagener wa Zurich, Uswisi, alieleza habari za wagonjwa wanne waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: mafua ya kudumu, mirija ya mapafu iliyotanuka, na viungo vya ndani vilivyogeuka, moyo ukiwa kulia. Mwaka 1976, Björn Afzelius wa Stockholm alionyesha kuwa asili yake ni kasoro ya vijinywele hivyo. Takriban nusu ya wenye kasoro hiyo ndio waliogeuka viungo. Waliobaki moyo wao uko mahali pake, na kuwatambua ni kugumu zaidi.

Hapa ndipo makosa hutokea. Picha ya eksirei ikionyesha moyo kulia, ni rahisi kudhani kuwa filamu imeshikwa kinyume. Hugeuzwa, ikasomwa, na ukweli ukapotea. Kumbe alama ndogo ya kulia au kushoto, ikitiwa wakati wa kupiga picha, ingalitosha kuzuia kosa hilo.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa afya wahakikishe kuwa kila picha ina alama hiyo, na kuwa kabla ya mgonjwa kurudishiwa dawa zile zile anaulizwa habari za utoto wake: mafua tangu kuzaliwa, masikio kutoka usaha, na kwa mwanamume, kukosa mtoto.

Maradhi haya hayaambukizi wala si uchawi. Kwa kawaida hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, nao wenyewe ni wazima. Dawa ya kuyaondoa haipo, lakini mazoezi ya kutoa makohozi, chanjo, na kutibiwa mapema kila kifua kinapochafuka huyalinda mapafu yaliyosalia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mgonjwa huyu hakuficha kitu. Kila mara alikuja na kikohozi chake mbele yetu. Deni ni letu, la kumtazama vizuri.