Kirusi hufa, ganda hubaki: Yaliyomo ndani ya chupa ya chanjo ya ng'ombe

WAFANYABIASHARA wanaovusha ng'ombe mipakani, pamoja na wanaorejea makwao na mifugo, wamezoea kuulizwa cheti cha chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Wachache huuliza kilichomo ndani ya chupa. Kilichomo ni kirusi kile kile cha ugonjwa huo, ila kimeuawa.

Kiwandani kirusi hukuzwa kwa wingi kikiwa kikali, kisha huuawa kwa kemikali. Hapo ndipo penye kazi. Kikichemshwa au kutiwa tindikali, ganda lake husambaratika, na ganda ndilo linaloufundisha mwili wa ng'ombe kumtambua adui. Kikiuawa nusunusu, mfugaji atakuwa amenunua ugonjwa.

Zamani viwanda vilitegemea fomalini. Dawa hiyo huzifunga pamoja protini za ganda, na kadiri ganda linavyokaza ndivyo fomalini inavyoshindwa kupenya hadi kwenye chembe za urithi. Virusi vingi hufa upesi, vichache hubaki. Mwaka 1955 nchini Marekani, chanjo ya polio iliyotengenezwa kwa fomalini na kampuni ya Cutter ilikutwa na virusi hai, na watoto wakapooza, wengine wakafa. Kwa ng'ombe, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulihusisha baadhi ya milipuko ya Ulaya na chanjo ambazo hazikuuawa sawasawa.

Ndipo kemikali ya ethilenimini ilipochukua nafasi. Hii hulipita ganda na kuziharibu chembe za urithi, hivyo kirusi hakiwezi tena kuzaana. Kwa kuwa ni sumu kali kwa wafanyakazi, tangu miaka ya 1970 hutengenezwa kwa kuchanganya bromoethilamini na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Kazi ikiisha, sumu inayobaki huzimwa kwa thiosulfati, chumvi waliyoitumia wapiga picha wa zamani kusafishia picha.

Viwanda makini huhamishia mchanganyiko kwenye tangi la pili kabla kazi haijaisha, maana tone lililorukia kifuniko cha tangi la kwanza huenda halikuguswa na dawa. Sampuli hupimwa saa baada ya saa. Lengo ni kwamba mwishoni isibaki hata chembe moja hai katika lita 10,000.

Uangalifu wote huo unaweza kupotea ndani ya buti la teksi. Ganda lililonusurika kiwandani huvunjika kwa joto, na chanjo iliyoganda barafu nayo huharibika. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa inayouzwa mnadani juani haina thamani, hata ikiwa na lebo nzuri.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Kirusi hiki kina aina saba: O, A, C, Asia 1, na SAT 1, 2 na 3. Aina ya C haijaonekana tangu mwaka 2004. Chanjo ya O haimkingi ng'ombe dhidi ya SAT 2, na aina zinazosumbua upande mmoja wa mpaka huenda si zile za upande wa pili. Kinga nayo hudumu takriban miezi sita tu. Kwa hiyo kabla ya kulipia kundi, mwulize daktari wa mifugo wa huko uendako ni aina zipi zinazosumbua, kisha linganisha na lebo na tarehe iliyo kwenye cheti.