Ubongo wa Mtu, Kichwa cha Mbuzi
Tulipokuwa tukisomesha mlango wa sharti za wajibu wa Sala, binti mmoja wa chuoni alituuliza: “Maalim, ubongo wa mtu ukitiwa kichwani mwa mbuzi, na wa mbuzi ukatiwa kwa mtu, ni nani atakayewajibika kuswali?” Wenzake waliangua kicheko. Sisi tulinyamaza kidogo, kwani swali lilikuwa zito.

Jambo hilo halijafanyika. Lililo karibu nalo lilifanyika mwaka 1970 mjini Cleveland, Marekani, ambapo daktari mpasuaji Robert White alikiunga kichwa cha kima juu ya kiwiliwili cha kima mwingine. Mnyama yule alizinduka, akaona, akasikia, hata akataka kung'ata. Lakini uti wa mgongo haukuungika. Chini ya shingo hakikutikisika kiungo, na baada ya siku chache akafa. Kwetu sisi hayo yalikuwa mateso kwa kiumbe asiyeweza kusema.

Taklifu hufungamana na akili, na neno hilo kwa Kiarabu lina udugu na kamba ya kumfungia ngamia. Ama makao yake, wanazuoni walihitilafiana: wengi katika Mashafii walisema ni moyoni, na Mahanafi wakasema ni ubongoni. Tulimjibu binti kwamba, kwa kauli hii ya pili, wajibu utamfuata yule mwenye kwato. Namna atakavyotawadha tuliwaachia wacheke.

Yeye hakucheka. Darasa lilipokwisha alibaki nyuma, akatueleza kwamba nyanyake, aliyemfundisha Alhamdu, siku hizi hupotewa na rakaa na huwaita wanawe kwa majina ya nduguze waliokufa. Mjomba mmoja amesema mbele ya watoto kwamba bibi huyo amekwisha kuwa mnyama, hana haja ya kusitiriwa.

Hapo ndipo tulipofahamu swali. Tukamwambia: akili ikiondoka, kalamu huinuliwa, wala nyanyako haandikiwi dhambi kwa Sala iliyompotea. Lakini haki zake hazikuinuliwa. Mali yake ni yake, na kwa madhehebu yetu walii wake huitolea Zaka. Sitara yake ni wajibu wa walio naye. Siku akifa ataoshwa, atakafiniwa na kuswaliwa. Mbuzi hana hata moja katika hayo, awe na ubongo wa nani.

Jioni tulipita kwao. Mjomba tulimkuta barazani, tukazungumza naye kwa faragha, na mazungumzo hayakuwa mafupi. Ndani, binti alikuwa akimfunga nyanyake mtandio.