TUJIFUNZE KIINGEREZA: "I FAST" NA "I AM FASTING" SI KITU KIMOJA



Ndugu mwanafunzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda tuzungumzie jambo linalowasumbua wengi wetu, wadogo kwa wakubwa. Jambo lenyewe ni wakati uliopo katika Kiingereza. Uko wa aina mbili: wa mazoea, kama "I read", na wa tendo linaloendelea, kama "I am reading".

Tuanze na mfano. Ni Alhamisi na wewe umefunga sunna. Unamkuta nyumbani mgeni aliyekuja kununua kahawa, hajui Kiswahili wala Kinyambo, naye anakukaribisha chai. Ukimjibu "I fast", ataelewa kuwa wewe ni mtu mwenye kawaida ya kufunga, lakini hujamwambia kama leo umefunga, na pengine ataendelea kumimina. Ukisema "I am fasting", ataiweka birika chini.

Kwa nini tunachanganya? Sababu ni kwamba Kiswahili chetu kina "-na-" inayofanya kazi zote mbili. Ukisema "mama anauza ndizi", msikilizaji hajui kama ndiyo biashara yake au kama saa hii yuko sokoni. Mwingereza hakuruhusu kumwacha gizani hivyo. "My mother sells bananas" ni biashara yake, hata kama sasa amelala. "My mother is selling bananas" ni kwamba yuko kwenye biashara hiyo wakati huu. Kiarabu nacho kiko karibu na Kiswahili hapa. Mliofika kwenye somo la fiil mudhari mnajua kwamba "yaktubu" ni anaandika na pia ni huandika, na maneno ya jirani ndiyo yanayokuonyesha ipi imekusudiwa.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii. Lugha ya nyumbani kwetu inayatenganisha haya mawili vizuri kabisa. Mnyambo akisema "tukora", anasema kawaida yetu ni kufanya kazi. Akisema "nitukora", tuko kazini sasa. Ile "ni-" ya mwanzo ndiyo inayofanya kazi ya "are" na "-ing". Wahaya wanasema hivyo, na ndugu zetu Wanyankole ng'ambo ya mto Kagera vilevile. Kwa hiyo mtoto wa Isingiro aliyekaa na bibi yake amekwisha kulijua somo hili kabla hajaingia darasani. Mwenye kushikwa na shaka na aiseme sentensi yake kwanza kwa Kinyambo, asikilize kama ina "ni-".

Asiyejua Kinyambo anayo njia nyingine, ingawa walimu wa Kiswahili watanikunjia uso. Huku kwetu Kanda ya Ziwa watu husema "nasomaga", "nakwendaga". Kiswahili sanifu kinataka "mimi husoma". Lakini kama katika sentensi yako unaweza kuweka "hu-" au hiyo "-ga" ya mitaani na maana isiharibike, Kiingereza chake ni "I read". Kama haikubali, ni "I am reading".

Upande wa maumbo si mgumu. Kwa "he", "she" na "it" ongeza "s": "she prays", "he teaches", "it carries". Kwa tendo linaloendelea unahitaji vitu viwili pamoja, yaani "am", "is" au "are", na "-ing". Kosa la "I am go" ni kuchukua nusu ya huku na nusu ya kule.

Yapo maneno yasiyopenda "-ing" hata kidogo, kwa kuwa si matendo bali ni hali ya moyo au ya kumiliki: "know", "believe", "want", "have" kwa maana ya kuwa na kitu. Muislamu husema "I believe in Allah". Akisema "I am believing", Mwingereza atasikia kama jambo la muda, la leo tu. Vilevile ni "I have two brothers", wala si "I am having".

Na mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni "-me-" yetu. Tunasema "amevaa kanzu", "amelala", "amekaa", "nimefunga". Mwanafunzi anafasiri neno kwa neno: "he has slept", "I have fasted". Hapo amesema kwamba usingizi umekwisha na mfungo umekwisha, na ile chai inaletwa tena! Kiingereza chake ni "he is wearing a kanzu", "he is sleeping", "he is sitting", "I am fasting".

Msione ni mambo madogo. Katika shule za msingi za serikali tunasoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kwenye Baiolojia na Jiografia unaeleza mambo ya siku zote: "The heart pumps blood", "The Kagera River flows into Lake Victoria". Ukiandika "is flowing", ni kama umesimama kwenye daraja unautazama mto.

Wazazi, jioni baada ya Maghrib waulizeni watoto sentensi hizi, wazigeuze kwa Kiingereza na waseme sababu:

1. Usimwite baba, anasali.
2. Waislamu wanasali mara tano kwa siku.
3. Nakaa Isingiro, lakini wiki hii nakaa kwa mjomba Bukoba.
4. Ustadhi amesimama mlangoni.
5. Kahawa ya Karagwe inauzwa nje ya nchi.

Ya tatu ina "nakaa" mbili, na kila moja ina Kiingereza chake.

Wabillaahi tawfiiq.