Milio ya Gari na Kioo Chenye Ukungu: Yasiyofaa Kupuuzwa Msimu wa Mvua

Katika Kata ya Bukiriro, kama ilivyo katika kata nyingi za Wilaya ya Ngara, gari la familia si la familia peke yake. Prado au RAV4 inayolala uani kwa mtu mmoja ndiyo inayoombwa usiku mjamzito anaposhikwa na uchungu akahitaji kufikishwa Hospitali ya Murgwanza. Ndiyo inayopeleka wanafunzi wa bweni shule zinapofunguliwa, na ndiyo inayorudisha msiba nyumbani. Kwa sababu hiyo, ubovu wa gari moja huweza kuwa hatari kwa watu wengi ambao hawana habari nao.

Magari mengi ya aina hiyo huingia nchini yakiwa yametumika Japani, kwenye barabara za lami. Yakifika Ngara hupanda na kushuka milima juu ya changarawe, hula vumbi kuanzia Juni hadi Agosti, kisha hukutana na tope mvua zinapoanza. Mabadiliko hayo huleta malalamiko mawili kwa wenye magari: gari linalia, na mbele hakuonekani vizuri. Yote mawili yana sababu zinazoweza kutafutwa kwa utaratibu, hata kabla ya kufika gereji.

Maswali matatu kabla ya kwenda kwa fundi

Fundi akiambiwa tu kwamba "gari linalia", hulazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye gari. Spea hubadilishwa, mlio ukabaki pale pale. Ni vema mwenye gari aende akiwa na majibu ya maswali matatu: mlio hutokea wakati gani, hutoka upande gani, na hubadilika na kitu gani?

Swali la tatu ndilo lenye manufaa zaidi. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, mafuta yakanyagwe kidogo. Mlio ukipanda pamoja na injini, chanzo kitafutwe kwenye injini, mikanda yake au bomba la moshi. Ukisikika tu gari linapotembea, chanzo kiko kwenye magurudumu, breki, ekseli au mfumo wa kubeba uzito. Jaribio hilo la dakika moja hupunguza nusu ya kazi ya fundi.

Milio inayosikika mara kwa mara

Mlio mwembamba wakati breki zinapokanyagwa ni onyo. Pedi nyingi zimewekewa kibati kidogo kinachoanza kugusa diski pedi zinapokaribia kuisha. Kimewekwa makusudi ili kilie. Kikipuuzwa, hufuata mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma. Hapo diski nayo inaliwa, gharama inaongezeka, na gari halisimami kama inavyotakiwa kwenye mteremko.

Si kila mkwaruzo wa breki ni ubovu. Ule wa asubuhi, baada ya gari kulala mvuani, unaokwisha breki zikikanyagwa mara tatu au nne, ni kutu nyembamba iliyoota juu ya diski usiku. Mlio mkali unaoanza ghafla kwenye changarawe nao huweza kuwa wa kokoto iliyonasa kati ya diski na bati linaloikinga. Mara nyingi gari likirudishwa nyuma polepole hatua chache, kokoto hudondoka.

Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka huashiria beringi ya gurudumu au tairi lililolika vibaya. Namna ya kuvitofautisha ni kona. Gari likipinda kushoto na mvumo ukazidi, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwa kuwa uzito wa gari umehamia upande huo. Mvumo usiobadilika kwenye kona huelekeza zaidi kwenye tairi.

Kugonga kwenye mashimo madogo hutokana mara nyingi na bushi zilizokwisha, vyuma vya stabilaiza au boljoint. Shokapu hupimwa kwa kukandamiza pembe moja ya gari kwa mikono na kuiachia ghafla: ikiendelea kuruka-ruka badala ya kutulia, shokapu ya upande huo imechoka. Boljoint na tairodi zisisubirishwe, kwani zikikatika gurudumu hukosa mwelekeo na usukani hauna tena kazi.

Mlio wa "ta-ta-ta" usukani unapokatwa hadi mwisho hutoka kwenye maungio ya ekseli za mbele. Mwenye gari achungulie nyuma ya gurudumu. Mpira unaofunika ungio ukiwa umepasuka na grisi imerukia rimu, tope linaingia ndani. Mpira ukibadilishwa kabla mlio haujaanza, ungio lenyewe huweza kuokoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Liko pia jambo linalowapata wenye magari ambayo dereva ndiye anayeunganisha magurudumu manne. Baada ya kutoka kwenye utelezi, dereva husahau kurudisha gari kwenye magurudumu mawili. Akifika kwenye lami, gari hushtuka na kugugumia anapokata kona. Hakuna kilichovunjika, lakini likiachwa hivyo kwa muda mrefu, gia na ekseli huumia.

Dalili zinazotaka gari lisimame hapo hapo

Zipo dalili ambazo hazina "tufike kwanza". Ya kwanza ni pedali ya breki inayozama hadi chini au inayohitaji kupigwa mara kadhaa. Ya pili ni gurudumu linalotikisika na kugonga, hasa baada ya tairi kubadilishwa, kwa kuwa nati huenda zimelegea. Ya tatu ni taa nyekundu ya oili, iwe injini inagonga au la. Injini izimwe mara moja. Ya nne ni mshale wa joto kupanda au mvuke kutoka mbele. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto, kwa sababu maji yake hutoka kwa nguvu na kuunguza.

Kioo kinapofunikwa

Ukungu ulio ndani ya kioo hutokana na unyevu wa pumzi za abiria, nguo zilizolowa na mazulia yenye tope. Unyevu huo ukigusa kioo kilichopoozwa na mvua hugeuka kuwa matone madogo. Gari lililojaa watu saba waliotoka mvuani hufunikwa kwa dakika chache.

Chanzo kinachosahaulika ni kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Wakati wa kiangazi madereva hukiwasha ili vumbi lisiingie. Mvua zikianza, kitufe kinabaki kimewashwa, na unyevu unakosa pa kutokea. Dereva akizime, aelekeze hewa kwenye kioo cha mbele, awashe feni, na kama kiyoyozi kinafanya kazi akiwashe pamoja na joto. Kiyoyozi hukausha hewa, na joto husaidia kioo kukauka. Pasipo kiyoyozi, madirisha mawili yafunguliwe kidogo. Kufuta kwa kiganja hakusaidii. Huacha mafuta ya ngozi yanayong'aa taa za gari jingine zinapokipiga kioo. Ukungu usiokwisha, wenye harufu tamu na unaoacha utelezi kama wa mafuta, huweza kuwa dalili kwamba maji ya rejeta yanavuja kwenye kipasha joto kilicho ndani ya gari. Hapo fundi aitwe.

Kwa upande wa nje, adui ni vumbi. Waipa zikiwashwa juu ya kioo kikavu chenye vumbi, hukikwaruza kama msasa, na mikwaruzo hiyo huonekana usiku. Kioo kimwagiwe maji kwanza. Mipira ya waipa ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na ikiacha mistari hata baada ya kusafishwa, ibadilishwe kabla ya mvua kubwa.

Taa na mwendo

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva ambaye kwa sababu ya ukungu au tope kwenye taa anaona mita 30 tu, ana muda usiofika sekunde mbili wa kuona, kuamua na kusimama. Hautoshi. Kwa hiyo mwendo upimwe kwa umbali unaoonekana, hata kama barabara ni tupu.

Katika ukungu, taa za juu huzidisha tatizo, kwa kuwa mwanga wake hupiga matone na kurudi machoni. Taa za chini ndizo zitumike. Gari lililopakiwa mizigo mizito nyuma huinua pua, na hata taa zake za chini huwapiga wengine machoni. Aidha, wilaya inapakana na Rwanda na Burundi, ambako magari hupita upande wa kulia. Taa zilizotengenezwa kwa ajili ya upande huo hurusha mwanga zaidi kuelekea kulia, yaani machoni mwa anayekuja, zinapotumika hapa. Dereva anayekutana na mwanga wa namna hiyo apunguze mwendo na kuangalia ukingo wa kushoto wa barabara badala ya kukodolea taa.

Wajibu wa mwenye gari

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linalotembea barabarani liwe zima. Hata hivyo, ukaguzi ulio karibu zaidi ni ule wa mwenye gari mwenyewe kila wiki: pedali ya breki, maji, oili, tairi na nati zake, waipa, taa zote, na kilomita moja ya kuendesha redio ikiwa imezimwa ili kusikiliza.

Jambo la mwisho linahusu ujirani. Gari linapoombwa usiku kumwahisha mgonjwa, mara nyingi anayeliendesha si mwenyewe. Mwenye gari amezoea kupiga breki mara mbili, au kufungua dirisha kioo kinapofunikwa, mgeni hajui. Ufunguo usitolewe bila maneno mawili matatu kuhusu ubovu uliopo. Na kama ubovu wenyewe ni wa breki au wa usukani, gari hilo lisitolewe kabisa, bali litafutwe jingine.