Sare ya Chama Chetu

Mugunga iko upande wa magharibi wa mji wa Goma, katika njia ya kwenda Sake. Kusini yake ni ziwa Kivu. Kaskazini ni milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Ardhi ya huko ni mawe meusi makali. Mawe hayo yalitoka ndani ya milima yakiwa moto na laini kama uji, kisha yakapoa. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu. Huzama upesi katika mianya ya mawe. Kwa hiyo maji ya kufulia ni haba, na watu huyabeba kwa madumu.

Mtu akitaka kuchagua nguo za watoto wa mahali kama hapa, asianze na uzuri. Aanze na mawe hayo na maji hayo.

Katika parokia za Kivu kuna vyama vya vijana Wakristo. Kimoja ni Xaveri, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Vijana wa vyama hivyo husali, huimba na hucheza. Tena hufanya kazi, kama kufagia kanisa au kuwachotea maji wazee. Vyama vikubwa vimekwisha kupanga sare yao. Lakini kikundi kidogo kinachoanza, labda cha watoto 20, hujiuliza: Je, sisi tuvae nini?

Kwanza tuulize sare ni ya nini. Kazi zake ni tatu. Inatambulisha: kiongozi akiwa katikati ya watu wengi anaweza kuwahesabu watoto wake. Inasawazisha: mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mpagazi wanaonekana sawa. Tena inakumbusha: aliyeivaa anakumbuka ahadi yake, anaona haya kutukana njiani.

Katika hizo tatu, ya pili ndiyo rahisi kuharibika. Tufikiri kikundi kimechagua shati jipya, kaptula mpya na viatu vyeupe. Mtoto ambaye baba yake hana kazi akisikia bei, hasemi neno. Jumapili ya kwanza anasema tumbo linamwuma. Jumapili ya pili haji. Hakuna mtu aliyemfukuza. Shati ndilo lililomfukuza. Basi nguo iliyotakiwa kuwaunganisha watoto imewatenga.

Haya, sasa tuitazame nguo yenyewe.

Kitambaa kiwe cha pamba. Pamba hunyonya jasho, na tena huvumilia kufuliwa mara nyingi. Nailoni hukauka upesi, lakini cheche ya jiko ikiiangukia, huyeyuka na kushika ngozi. Pamba mpya ina tabia moja: huweza kusinyaa ikifuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kiloweke kitambaa majini na kukianika kabla fundi hajakikata.

Rangi isiwe nyeupe tupu kwa siku za kazi, maana vumbi la mawe meusi huonekana juu yake mara moja, na kuitakasa kwahitaji maji mengi na sabuni nyingi. Isiwe nyeusi pia: hushika joto la jua, na uchafu hukaa humo bila kuonekana. Rangi ya katikati yafaa zaidi. Tena msichague kitambaa cha madoadoa ya kijani, wala kingine kinachofanana na nguo za askari. Kivu imeona vita vingi. Mtoto akionekana kwa mbali, kila mtu ajue kwamba ni mtoto.

Nguo iwe na nafasi ya kukimbilia na kuinama. Pindo liwe pana, ili mtoto akirefuka mama alifumue na kulishusha. Magotini na makalioni fundi aongeze kitambaa cha pili, maana mawe ya Mugunga hupasua nguo. Na miguuni? Kandambili huteleza, na mawe hukata vidole. Siku ya safari, kiatu chochote kilichofungwa ni bora, hata kikiwa kikuukuu. Msiagize viatu vya namna moja.

Lakini iko njia nyingine iliyo rahisi zaidi: kitambaa cha shingo peke yake. Chukua kitambaa cha mraba, mita 1 kwa mita 1. Kikate kutoka pembe moja hadi pembe ya mbele yake. Utapata pembetatu mbili, za watoto wawili. Kwa hiyo mita 10 za kitambaa chenye upana wa mita 1 zawatosha watoto 20. Mashati, kama kila moja lahitaji mita 1 na nusu, yangekula mita 30, pamoja na vifungo na ujira mkubwa wa fundi. Kitambaa cha shingo hakina vifungo. Mtoto mwenyewe aweza kukipinda kwa sindano. Tena kina kazi nyingi: hufunga jeraha, hubeba mkono uliovunjika, huzuia vumbi lisiingie puani.

Siku ya Misa, watoto wavae shati jeupe na nguo ya buluu ya shule waliyo nayo tayari, na kitambaa shingoni. Siku ya kazi, kila mmoja avae nguo yake yoyote safi, na kitambaa kile kile. Hivyo hakuna atakayebaki nyumbani.

Msidhani ni aibu kuwa na alama ndogo. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell alipiga kambi ya kwanza ya Skauti katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Waliokuja walikuwa wana wa matajiri na wana wa wafanyakazi pamoja. Kila kundi lilitambulikana kwa uzi wa rangi uliofungwa begani.

Na katika nchi yetu yuko Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906. Shingoni alivaa skapulari, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa, alama ya Bikira Maria. Msimamizi wa shamba alimwamuru aivue. Isidori alikataa. Alipigwa vibaya sana, akafa kwa majeraha hayo tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Kitambaa chake kilikuwa kidogo kuliko kiganja. Lakini alijua kwa nini anakivaa.

Mkichagua sare, mwulizeni kwanza yule aliye maskini kuliko wote kama ataweza kuipata. Akiweza yeye, wote wataweza.

Maswali
1. Kwa nini maji ni haba Mugunga, ingawa mvua hunyesha?
2. Taja kazi tatu za sare.
3. Watoto 36 wahitaji mita ngapi za kitambaa cha shingo, chenye upana wa mita 1?
4. Kwa nini mtoto yule hakurudi Jumapili ya pili? Wewe ungefanya nini?