Mwangwi wa Majini Si Gesi Mkononi

Kwa miaka mingi sasa mataifa kadhaa yamekuwa yakichunguza sakafu ya bahari ili kutafuta haidreti ya methani, yaani barafu iliyofungia gesi ndani yake, ambayo ikiwashwa kiberiti hushika moto. Mita moja ya ujazo ya barafu hiyo hutoa takriban mita 160 za ujazo za gesi. Mkazi wa Likuni, kando ya jiji la Lilongwe, anayepika kwa mkaa, ana haki ya kuuliza: je, barafu hiyo haimo katika ziwa ambalo Wamalawi huliita Malawi na Watanzania huliita Nyasa?

Tuanze na namna ya kutafuta. Meli huburuta mitambo inayofyatua hewa iliyoshindiliwa. Mshindo wake hushuka hadi sakafuni, hupenya matabaka ya tope, kisha hurudi kama mwangwi na kupokewa na vinasa sauti vinavyoburutwa nyuma ya meli. Pale barafu inapokoma na gesi huru kuanza chini yake, mwangwi hurudi kwa nguvu. Lakini hiyo ni dalili tu. Mwaka 1995, huko Blake Ridge, katika bahari ya mashariki ya Marekani, wataalamu walitoboa sakafu na kuikuta barafu hata mahali ambapo dalili hiyo haikuonekana. Na kuikuta si kuivuna: mwaka 2013 Wajapani waliitoa gesi kutoka chini ya bahari yao kwa siku sita hivi, kisha mchanga ukaingia kisimani na kazi ikasimama.

Barafu hii huhitaji methani ya kutosha, mgandamizo mkubwa wa maji, na baridi. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700. Sakafu yake ilipimwa kwa mwangwi katika miaka ya 1980, na mwaka 2005 ikatobolewa ili kusoma historia ya hali ya hewa. Mgandamizo upo, lakini baridi haipo. Maji ya kilindini yana joto la nyuzi 22 hivi, na kwa kina hicho barafu haistahimili joto linalozidi nyuzi 10 hivi. Ziwa Baikal la Urusi, ambalo maji yake ya chini ni baridi sana, ndilo lililokutwa na barafu hiyo, mwaka 1997.

Hata hivyo, methani ya ziwani si hadithi katika Afrika yetu. Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, wamo ndugu waliotoka kandokando ya Ziwa Kivu, na neno mazuku, hewa ya sumu inayojikusanya mabondeni karibu na Goma, si geni kwao. Ndani ya Kivu kuna takriban kilomita 60 za ujazo za methani na 300 za kaboni dayoksaidi. Gesi hizo hazikuganda. Zimeyeyuka katika maji ya kilindini na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Yakivutwa juu kwa bomba, mgandamizo hupungua na gesi hutoka kwa mapovu. Ndivyo ufanyavyo mtambo wa KivuWatt nchini Rwanda, uliozinduliwa mwaka 2016 kuzalisha megawati 26 za umeme. Lakini maji hayo yakitibuliwa ghafla, maafa yaweza kutokea: mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dayoksaidi na kuua watu zaidi ya 1,700.

Ndugu wasikilizaji, gesi iliyoganda, gesi iliyoyeyuka na gesi huru kila moja ina upimaji wake, faida yake na hatari yake. Atakayetangaza utajiri chini ya maji na aulizwe kwanza: umepima nini, kwa chombo gani, na wanaoishi ufukweni watalindwaje? Taifa lisilouliza hivyo litauziwa mwangwi kwa bei ya gesi.