Jinsi ya Kukuza Biashara Ndogo

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za biashara ndogo: ya mama auzaye sabuni, ya fundi ashonaye kofia, ya kijana mwenye meza ya viungo pale Darajani. Watu wengi hudhani kwamba biashara hukua kwa bahati, au kwa kupunguza bei mpaka jirani ashindwe. Lakini bahati haishikiki, na bei ikipunguzwa kila siku mwisho hula rasilmali. Yako mambo ambayo mwenye biashara aweza kuyashika kwa mikono yake mwenyewe, nasi tutayaeleza kwa mfano ulio karibu nasi, yaani mwani.

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakipwa huenda pwani, hukita vijiti mchangani, hunyosha kamba baina ya vijiti hivyo, na katika kamba hufungia vipande vya mwani. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hukausha, kisha huwauzia wanunuzi wanaoupeleka ng'ambo. Huko hutolewa ndani yake kitu kiitwacho karajenani, ambacho hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine ili viwe vizito.

Sasa tazameni hali ya mkulima huyu. Kazi ni yake, jua ni lake, na maji ya chumvi ni yake. Lakini bei si yake. Mwani wake huingia katika gunia pamoja na wa wenziwe, na anayeutumia mwishowe hajui ni nani aliyeupanda. Tena aina iitwayo kotonii, ambayo hupata bei nzuri zaidi, haistahimili maji yenye joto jingi, nayo imekufa mahali pengi kadiri bahari inavyozidi joto. Wengi wamebaki na ile iitwayo spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Mtu auzaye kitu kisicho na jina, kwa mnunuzi mmoja tu, hupokea apewacho.

Basi wako waliotafuta njia nyingine. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani, wataalamu na wafanyabiashara wa Zanzibar, na miongoni mwa walioushughulikia sana ni Daktari Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wanawake walifundishwa kuusaga mwani uwe unga, na kuutia unga huo katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi na viungo vyetu. Kule Kidoti, upande wa kaskazini, kikundi cha wanawake kiitwacho Tusife Moyo kimejulikana kwa sabuni za namna hiyo. Mwani ni ule ule, lakini sasa una jina, na aliyeutengeneza ndiye anayetaja bei.

Katika mfano huu twapata mafunzo matano.

Kwanza, ubora usiobadilika. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli, lakini yafaa kuielewa vema: kizuri hujiuza mara ya pili. Mara ya kwanza mnunuzi hununua kwa kuona au kusikia tu. Mara ya pili hununua kwa sababu amekwisha kutumia. Kwa hiyo sabuni ya leo sharti iwe sawasawa na ya mwezi uliopita. Mafuta na kostiki vipimwe kwa mizani, wala si kwa macho, kwa maana kostiki ikizidi huchoma ngozi, na mtu aliyechomwa mara moja harudi tena. Sabuni iachwe wiki nne au zaidi ikauke kabla ya kuuzwa, ingawa mwenyewe ana haja ya fedha. Hata mwani mkavu ni hivyo hivyo: uliokaushwa juu ya kichanja huwa safi, na ulioanikwa chini hushika mchanga.

Pili, alama. Yafaa kitu chako kijulikane hata usipokuwapo. Tazameni kanga. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zilitambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Mwanamke aliyeyaona maneno hayo alijua anachonunua. Nawe huhitaji mashine kubwa: karatasi safi, jina moja lisilobadilika, kijiji chako, vitu vilivyomo ndani, uzito, na nambari ya simu vyatosha.

Tatu, kumjua mnunuzi. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na wengi wao hupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni huyu hutafuta kumbukumbu ya safari: kitu chepesi, kilichofungwa vizuri, chenye habari yake. Jirani yako wa Jambiani atafuta mche wa kufulia, mkubwa na wa bei nafuu. Ukimpelekea mgeni mche wa kufulia, au jirani kipande kilichofungwa kwa utepe, wote wawili watakataa. Tena kumbukeni kwamba wakati wa masika wageni hupungua. Mwenye busara hutengeneza aina mbili, ili jirani amshike mkono wakati mgeni hayupo. Na ukiweka bidhaa zako katika duka la mtu mjini, andikianeni: vipande vingapi, bei gani, na siku gani utakuja kuchukua fedha. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kulinda urafiki.

Nne, hesabu. Hapa ndipo biashara nyingi huzama kimya kimya. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mama mmoja ametengeneza vipande 50 vya sabuni. Mafuta yamemgharimu shilingi 30,000, kostiki 4,000, mwani na karafuu 6,000, karatasi 5,000, na nauli 5,000. Jumla ni shilingi 50,000, yaani 1,000 kwa kila kipande. Akiuza kwa 1,500 hudhani kwamba amepata faida ya 500. Lakini amefanya kazi siku mbili. Kama angefanya kazi hiyo kwa mtu mwingine angelipwa, tuseme, 10,000 kwa siku. Tukizitia shilingi 20,000 za kazi yake, kila kipande kimemgharimu 1,400, na faida yake ya kweli ni 100 tu, au 5,000 kwa vipande vyote. Sasa, vipande vitano vikiharibika au vikikopwa bila kulipwa, atapokea 67,500 mahali pa 70,000 alizotumia. Faida imekwisha, na hasara ya 2,500 imeingia, naye bado anadhani biashara inakwenda vizuri. Ndiyo maana ikasemwa, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, faida irudi kazini. Mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara visiwe kimoja. Mwenye biashara ajilipe ujira wake, autumie kwa chakula na karo. Lakini rasilmali isiguswe, na faida igawanywe. Sehemu moja inunue kitu kitakachoongeza kazi, kama mizani bora au kinu cha kusagia, na sehemu nyingine iwekwe kwa siku ya shida. Wala msikimbilie mkopo mkubwa kabla daftari halijaonyesha kwamba bidhaa zatoka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtaona kwamba mambo haya hayahusu sabuni peke yake. Auzaye asali, achonga milango, au apikaye vitafunio jioni pale Forodhani, wote huulizwa maswali yale yale: Je, cha leo ni sawa na cha jana? Je, chajulikana ni cha nani? Je, anayekitaka ni nani? Je, kimegharimu kiasi gani? Je, faida imekwenda wapi?

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi. Tafuteni nyumbani au mtaani mtu mmoja mwenye biashara ndogo, mwombeni ruhusa kwa adabu, na mwandikieni daftari lake kwa mwezi mmoja: upande huu yaliyoingia, upande huu yaliyotoka, na kazi yake mwenyewe msiisahau. Mwisho wa mwezi msomeeni jumla. Huenda hesabu mliyojifunza darasani ikaokoa rasilmali ya nyumba nzima.